Ndege ya Ijumaa

Sururu iligonga jiwe tena. Othmar akaketi ukingoni mwa shimo, akajifuta jasho.

"Sasa watakuwa wapi?"

Katekista Methodi alilitazama jua. "Ndege huondoka Dar asubuhi. Baada ya saa mbili tu iko Songea. Songea hadi Mbinga, kwa matope haya, saa tano. Mbinga hadi hapa Matiri, tumwachie Mungu."

"Angani saa mbili, ardhini siku nzima."

"Chimba, bwana. Raimundi hapendi kusubiri."

"Na miguu yake ile mirefu," alisema Othmar, mtani wa Raimundi tangu ujana. "Mpaka leo anatuongezea kazi."

Ndani ya nyumba, Albina aliketi mkekani, rozari mkononi. Hakuwa amelala tangu jana, Methodi aliposoma simu ya maandishi mbele ya kanisa: BABA ANAKUJA IJUMAA KWA NDEGE. LETENI GARI SONGEA. AIDAN. Methodi aliisoma mara moja, akavua miwani. Wanawake wakaketi chini. Hakuna aliyeuliza swali. Watu wawili tu wa Matiri waliwahi kurudi kwa ndege, mwalimu mkuu na diwani, na kijiji kizima kiliwasindikiza makaburini.

"Kunywa uji, wifi," alisema Hedwiga, dada yake Raimundi.

"Alikwenda Dar kwa basi, siku mbili, ubavu ukimuuma. Aliniomba nimsindikize hospitali. Nikamwambia kahawa imeiva, nani ataichuma? Hata mkono sikumpa."

"Mwanao amemheshimu, lakini. Nauli ya ndege si mchezo."

"Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waje, Aidan ana kazi nzuri huko Dar," alisema Albina kwa uchovu. "Wifi, waambie wasiharakishe kuzika. Nataka nimwambie neno moja tu. Nisamehe. Basi."

Akarudi kwenye rozari. Alikwisha kupoteza hesabu ya mafungu.

Saa kumi alasiri, gari lilisikika likipanda mlima. Vilio vikaanza jikoni, vikaenea uani. Albina aliinuliwa na wanawake wawili. Wanaume sita walijipanga kando ya njia, mikono tayari kupokea.

Pikapu ilisimama karibu na rundo la udongo mbichi. Kilian, dereva, alishuka ameinamisha kichwa, hakumtazama mtu. Nyuma, juu ya mkeka aliokuwa ameutandika jana usiku, palikuwa na begi moja na boksi lililofungwa kamba.

Mlango wa upande wa pili ulifunguka. Ukatoka mguu mmoja mrefu, kisha wa pili.

Vilio vikakatika.

Mzee Raimundi alisimama, ameshika ubavu, amechoka kwa safari. Aliwatazama watu, akalitazama shimo, akamtazama mkewe. Polepole akavua kofia.

"Poleni, ndugu zangu," alisema. "Tumefiwa na nani?"