Siku Moja Mapema

Mjini alikohamia Halina, kila mgeni hutia sahihi uhamiaji kila baada ya siku tisini, na kila mtu ana siku yake na ukurasa wa siku hiyo daftarini. Safari hii Halina aliwahi siku moja, maana kesho ilikuwa sikukuu.

"Tia hapo, mama, chini ya mwenzako," alisema Afande Mwashamba.

Halina akainama na kalamu. Juu ya mstari wake kulikuwa na jina la Pavlo, mumewe, na sahihi yake yenye mkia mrefu. Pavlo alizama ziwani miaka miwili iliyopita. Mwili haukuonekana, na mtaa mzima ulihamia kwa Halina siku tatu za matanga.

"Huyu kaja lini?"

"Mzee wa ng'ambo ya ziwa? Katoka sasa hivi. Huyo hata augue, siku yake haikosi. Leo kaja na mkewe na katoto, mashavu hayo. Ofisi nzima tumekabeba." Afande akacheka. "Wa nchi moja, hamjuani?"

Halina alipapasa lile jina. Wino ukamganda kidoleni.

Nje ya dirisha, mwanamume aliyewapa mgongo alikuwa akimmenyea mtoto chungwa.