Kuponi za Perpetua

Kesho yake ilikuwa misa ya kutimiza mwaka tangu mume wa Perpetua afariki, na wageni wangekula kwake. Alisimama kwenye foleni ya supamaketi na toroli la mchele, mafuta na tambi, mkononi ana bahasha ya kuponi za kupunguziwa bei alizokata kwenye magazeti kwa miezi mitatu. Leonia, dada wa marehemu, alikuwa pembeni yake.

"Wifi, ficha hivyo vikaratasi," Leonia alinong'ona. "Watu wanatutazama. Nitalipa mimi."

"Waache watazame."

Perpetua alijua malipo hayo yangesimuliwa kesho mbele ya ukoo mzima. Akaanza kupanga kuponi mezani kwa keshia, moja moja. Mtu wa nyuma akasonya.

"Mama, kila moja naiandika kwa mkono," keshia alisema. "Tutachelewa."

"Andika tu, mwanangu. Sina haraka."

Leonia akanyoosha kadi yake ya benki. "Maliza na hii. Kaka yangu hakuwa fukara."

Perpetua akaushika mkono ule, akaurudisha taratibu.

"Kaka yako, sikatai. Lakini alikuwa mume wangu, na wageni wake nitawalisha mimi. Wewe njoo ule."

Keshia akachukua kalamu. Perpetua akatoa kuponi iliyojikunja, akailaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja, mara moja, mara mbili, na Leonia, kadi ingali mkononi, hakuondoka.