Jina Alilouambia Unga

Umewahi kumchemshia mtu chai miaka na miaka, halafu asubuhi moja ukamshangaa amekaa jikoni kwako?

Siku hizo kumbukumbu za watu zilikaa kwenye kidude nyuma ya sikio, na kikijaa, ukurasa mmoja hutolewa ili mpya uingie. Zamani ulitoka ule usiofunguliwa muda mrefu. Kwa hiyo Bi Mize, kila akikanda unga wa chapati, alimtaja mumewe polepole, "Faki, Faki," ili asimpotee. Mbele yake alimwita Baba Saida, kwa adabu.

Juzi mafundi wakajaribu kanuni nyingine: ukurasa ulioingia kwanza ndio utoke kwanza. Faki aliingia tangu walipokuwa watoto katika chuo cha Kurani.

Sasa Bi Mize ameshika birika, na kikombe cha pili hajui ni cha nani.

"Samahani, baba, unamtafuta nani?"

"Wewe, Mize."

"Na hili neno mdomoni mwangu, Faki, Faki, ni la nini? Dawa?"

Mzee akacheka, kisha akavuta kikombe cha pili.

"Ni mimi. Miaka yote unauambia unga, nami nasikiliza mlangoni. Nilitaka uniambie mimi."