Dume la Hisa

"Nataka nimwone huyo dume leo, Baba Xavery. La sivyo unirudishie pesa yangu mbele ya hawa watu," alisema Veronica juu ya uzio, mwiko mkononi.

"Dume yupo," Baltazar alijibu kutoka upande wake. "Na ananenepa."

"Ananenepa wapi, ndotoni?"

Wageni wakacheka. Walikuwa wamejaa kwa Veronica tangu misa ilipoisha, maana binti yake Imakulata alikuwa amepata kipaimara na harufu ya nyama ilishafika hadi barabarani. Lakini ugomvi ulipoanza waliacha mabenchi wakasogea uzioni. Chakula kingesubiri.

Mwaka jana Baltazar alisikia habari za hisa redioni. Akanunua dume, akawauzia nusu ya kijiji cha Tlawi vipande vyake: anenepe, auzwe, wagawane faida. Tangu hapo hakuna aliyemwona. Wala hakuna aliyeuliza, kwa sababu kwa desturi ng'ombe wa mtu hukaa kwa marafiki, huyu huku, yule kule, ugonjwa ukiingia usiwamalize wote. Kumuuliza mtu ng'ombe wake wako wapi ni kukosa adabu.

Veronica alikuwa ameamua kukosa adabu. Na alikuwa amemwalika Kissa.

"Shikamoo mzee," alisema Kissa, binti mwenye kitambulisho shingoni. Alitoka mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, huko Dar, na alikuwa Mbulu kwa semina.

"Marahaba. Hilo soko lenu linauza nini?"

"Hatuuzi, mzee. Tunawalinda wanaonunua. Anayeuzia umma hisa lazima apate idhini kwetu, na awaeleze watu hatari zote. Uliwaeleza?"

"Hatari gani?"

"Kwamba dume anaweza kufa. Kuibiwa. Kuliwa."

"Binti, hapa nani hajui kwamba ng'ombe huliwa?"

Watu wakacheka tena. Kissa hakucheka. "Mzee, dume akionekana leo, hili ni kosa la kutojua, tutaelekezana. Asipoonekana, umeuza hewa. Hapo nitakupeleka polisi."

Baltazar akawatazama wageni. Alikuwa mzee wa kanisa, na paroko alikuwa palepale, sahani tayari mkononi.

"Mama Imakulata, tupakue," Tomaso, mume wa Veronica, aliita kutoka kwenye masufuria. "Watu wana njaa. Kesi haiozi."

"Koroga huko," alisema mkewe. Akawageukia wageni. "Ng'ombe halali huonekana. Mimi nilimpa mume wangu pesa ya ng'ombe wa sherehe hii, kesho yake dume akafungwa hapa uani, kila mtu akamwona. Na bahati ikamwandama, wiki hiyohiyo akashinda simu na laini mpya kwenye promosheni."

Tomaso akaikoroga nyama kwa bidii ya ajabu.

Baltazar akatoa simu, akampigia rafiki aliyemwachia dume, akaweka sauti ya wote wasikie. "Margwe, habari za Getanuwas? Yule dume wangu mwekundu hajambo?"

"Hajambo kabisa," ilijibu sauti. "Ila hapa majani yalikauka. Nikampeleka kwa Tluway, kule Mogitu."

Minong'ono ikapita uzioni. Baltazar akapiga Mogitu.

"Dume mzuri sana yule," alisema Tluway. "Ila huku ugonjwa wa miguu uliingia, nikamtoa mapema. Nilimpa mtu wa hukohuko kwenu Tlawi amtunze. Mcheshi mmoja, anajua kuongea."

"Tlawi hii?" Veronica aliruka. "Mnasikia? Dume wetu amefichwa hapahapa, na huyo mwizi anakunywa maziwa yetu."

"Dume hana maziwa, mama," alisema paroko.

"Basi anafanya lingine. Jina lake nani?"

"Jina limenitoka," alisema Tluway. "Ngoja niwatumie namba."

Namba ikaingia. Baltazar akaitazama, hakuifahamu. Hakuna aliyeifahamu. Veronica akamnyang'anya simu kupitia uzioni na kuibonyeza mwenyewe.

"Nyamazeni wote," alisema. "Huyu leo atanijua."

Wakanyamaza. Hata paroko alishusha sahani.

Simu ikaanza kuita, karibu sana, kwenye masufuria, mfukoni mwa Tomaso.

Aliiacha iite. Akachota nyama, akajaza sahani mpaka mchuzi ukafika ukingoni, akaisogeza uzioni kwa mikono miwili.

"Baba Xavery," alisema, "karibu ndani ule. Wewe nilikuwekea maini."