Kikombe Kimoja cha Sukari

Tamsin alisita kubonyeza kitufe cha kutuma. Kwenye mfano wa kompyuta yake, maporomoko ya tope na mawe yalishuka mlimani yakakoma hatua chache juu ya nyumba ya baba yake. Yalikoma kwa sababu penye namba ya mmomonyoko alikuwa ameacha sifuri. Namba ya kweli, aliyoipima mwenyewe korongoni, ilikuwa daftarini. Kesho mji ungeamua nyumba zipi zihamwe, kwa kufuata hesabu hiyo.

"Mlima umenionea huruma," baba yake alisema, akichungulia begani kwake. "Au ni wewe?"

"Baba, bado sijamaliza."

Mzee alikuwa ameendesha greda kwenye barabara hizi za Kanada miaka thelathini. Akainamisha kibao cha kukatia mkate, akamwaga kikombe cha sukari. Ikakoma katikati. Kisha akatandaza sukari kidogo kwenye kibao kizima, akamwaga tena kikombe kile kile. Safari hii iliizoa ile ya chini, ikavimba, ikamwagikia mikono ya bintiye.

"Tope linakula hiyo hiyo njia linamopita. Hawakukufundisha chuoni?"

"Nalijua hilo. Lakini hii ndiyo nyumba ya Mama."

"Mama yako, Mungu amrehemu, angekutandika mwiko kwa sifuri hiyo. Jirani hapo chini ana kichanga, mwanangu."

Akampangusa sukari kidole kimoja kimoja, taratibu, kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo.

Tamsin akaandika namba. Mkondo mwekundu ukapita juu ya paa lao, ukaendelea hadi kwa jirani.

Mzee akakifuta kibao.

"Yale maboksi yako ya kuhamia," akasema, "bado unayo?"