Karatasi Isiyo na Maneno

Evans alizungusha mkono wa mashine mara ya mwisho, na nyama ikatoka imepondeka kama iliyotafunwa na kibogoyo. Kisu alikuwa amekitia kinyume.

"Dada Rumaisa," alisema mlinzi huyo wa karakana akijifuta mikono, "huu si mchoro. Huu ni mtihani wa taifa."

Karakana nzima ikacheka. Rumaisa naye akacheka, kicheko cha mdomoni tu.

Kazi yake hapo Al Quoz ilikuwa kuchora zile karatasi zinazotiwa ndani ya maboksi ya vyombo vya jikoni, za kumwonyesha mnunuzi kipi kinaingia wapi. Hazikuwa na neno hata moja, maana wanunuzi wa Dubai wana lugha nyingi kuliko bizari za sokoni. Ni picha na mishale tu. Na arbab Yaqoub, mwenye karakana, alikuwa na sharti lake: karatasi haichapwi mpaka mtu asiyeijua mashine aifunge kwa kutazama picha, bila kuambiwa kitu.

Mashine hii ya kusagia nyama ilikuwa imekwisha kuwashinda wawili, na Rumaisa bado alikuwa kwenye majaribio ya kazi.

"Wa tatu akishindwa, binti yangu," arbab alikuwa amemwambia asubuhi, kwa upole, kwa Kiswahili cha Unguja alichorithi kwa mama yake, "sina budi kutafuta mchoraji mwingine. Wewe nitakukatia tiketi ya Mombasa."

Sasa arbab akatazama huku na huku. "Haya, wa tatu nani?"

"Mimi hapa," sauti ikatoka mlangoni.

Alikuwa Bi Joha, mpika chai, na sinia lake mikononi. Ndiye aliyemsikia Rumaisa akilia stoo asubuhi ile, akamwekea kababu mbili mezani, akaondoka bila kuuliza neno.

"Bi Joha, umewahi kuiona mashine kama hii?"

"Wallahi, macho yangu haya hayajaiona. Na wewe Yaqoub punguza ukali, chai yako naipika mimi."

Watu wakaangua kicheko. Bi Joha akakaa, akaipokea karatasi kwa heshima kama mtu aliyeletewa mwaliko wa harusi. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaguna. Kisha akailaza mezani, akabandika kidole juu yake, na mkono wa pili ukaanza kupapasa vyuma.

Rumaisa akashtuka. Kidole kilikuwa kwenye picha ya mwisho! Labda anasoma kama tulivyosoma chuo cha Kurani, alijifariji, kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini mbona mkono ulikuwa umeshika kile chuma kilichojisokota, cha picha ya kwanza?

"Tazama picha, Bi Joha," arbab alihimiza.

"Natazama, mwanangu. Picha nzuri haitazamwi kwa pupa."

Chuma kilichojisokota kikaingia tumboni mwa mashine. Kikafuata kisu. Bi Joha akakipitishia kidole gumba, upande mmoja, upande wa pili, kisha akakigeuza, bapa likakaa nje. Akatia sahani ya matundu. Akakaza pete yake. Akafunga mkono wa kuzungushia.

Evans akatumbukiza pande la nyama, akazungusha. Nyama ikatoka laini, nyuzinyuzi.

"Aa, bibi!" Evans akalalamika. "Mimi sasa nitaficha wapi uso wangu?"

"Ufiche kwenye kikombe cha chai, kinapoa."

Arbab akapiga meza kwa kiganja. "Khalas! Yalla, ikachapwe. Na visa ya binti huyu ishughulikiwe wiki hii hii."

Karatasi za kwanza zilirudi kutoka kwa mchapaji siku ya Alhamisi. Rumaisa alichomoa ya juu kabisa, bado inanukia wino, akakimbia nayo jikoni. Upande wa mbele ulijaa mashine peke yake: mdomo wa kutilia nyama kule juu, mkono mrefu ubavuni.

"Bibi, hii yako. Bila wewe isingekuwepo."

Bi Joha akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akainyoosha mbele ya uso wake, akaitazama kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

"Mashaallah, mjukuu wangu," alisema. "Umetoka kama ulivyo, na mtandio umekukaa vizuri. Ila hapa kwenye pua, wamekuonea."