Chupa Juu ya Ukuta

Tangu Kibwana ahamie nyumba yake mpya, kila jioni Bi Rukia wa jirani humpitishia chakula juu ya ukuta. Naye hulirudisha bakuli na chochote ndani, maana mtaani pale ni aibu kurudisha bakuli tupu.

Mchana ule, kwa kuogopa wezi, alichomeka vipande vya chupa juu ya ukuta na kuvishindilia kwa saruji. Alijisifu kweli. Kumwambia Bi Rukia hakukumjia kabisa.

Jioni mkono ukachomoza na bakuli kama kawaida, ukatua juu ya chupa.

Kibwana alilidaka. Wali wa nazi, na damu ukingoni.

"Bi Rukia! Umeumia?"

"Mkwaruzo tu," sauti ilijibu ikitetemeka. "Nisamehe, mwanangu, nimekuchafulia chakula."

Hakuweza kumeza hata tonge moja. Alilisuuza bakuli, akalijaza sukari, akarudi ukutani. Uso wa kwenda mlangoni kwake hakuwa nao. Ng'ambo alisikia khanga ikichanwa.

"Umeshiba, mwanangu?"

Kibwana alisimama amelikumbatia bakuli, macho yakitafuta juu ya ukuta pahali pa kulipitishia.